Kitabu cha Picha kwa Karatasi Moja: Jogoo wa Harusini

Habari zenu wazazi, walezi na walimu. Leo tunatengeneza kitabu cha picha kwa karatasi moja tu ya A4. Kisa chetu kinatoka Cuba, na wenyewe wanakiita El gallo de bodas, yaani jogoo wa harusini. Leteni mkasi, penseli na kalamu za rangi.

Kunjeni karatasi nusu, tena nusu, kisha nusu tena. Ifungueni, mtaona vyumba vinane. Sasa ikunjeni mara moja kwa upana. Kateni kuanzia kwenye mkunjo, mkifuata mstari wa katikati, mpaka mkutane na mstari unaokatiza. Msipite hapo! Fungueni, kunjeni kwa urefu, shikeni ncha mbili mzisukume zikaribiane. Tazameni mikono yangu: pale palipokatwa panafumbuka, kurasa zinajipanga zenyewe. Gundi haihitajiki.

Jaladani mchoreni jogoo aliyejipara, anawika, na jua linachomoza nyuma yake. Jua hilo msilisahau hata kidogo.

Ukurasa wa pili upeni muda. Jogoo yuko njiani kwenda harusi ya mjomba wake, kasuku Perico. Mara anaona punje za mahindi kwenye tope. Akidonoa, mdomo utachafuka. Akiacha, atalala njaa. Mchoreni jicho moja linatazama punje, la pili linatazama njia ya harusini. Mwisho anadonoa, na tope linamjaa mdomoni.

Sasa anaziomba nyasi zimfute. Kwa Kihispania mdomo wa ndege ni pico, nalo linapatana kwa sauti na Perico, kwa hiyo ombi lake huimbika. Nasi tulitafutie vina vyetu, tusilitafsiri kavukavu. Mimi nimeandika hivi:

Nyasi, nifuteni mdomo nipendeze,
kwa mjomba Perico nikacheze.

Nyasi zinakataa. Kurasa tatu zinazofuata wekeni wawili wawili: nyasi na kondoo, mbwa na fimbo, moto na maji. Kondoo anaambiwa azile nyasi, mbwa amng'ate kondoo, fimbo impige mbwa, moto uiunguze fimbo, maji yauzime moto. Jibu ni lilelile, “Sitaki!” Waachieni watoto walipige kelele wao. Aliyesimuliwa kisa cha mwalimu Goso, yule aliyeangukiwa na buyu, anaujua mwendo huu.

Ukurasa wa sita ni wa jua peke yake, lijae mpaka pembeni. Jogoo analiomba liyakaushe maji. Jua linajibu, “Sasa hivi, rafiki yangu. Wewe huniamkia kila alfajiri.”

Ukurasa wa saba kila kitu kinarudi mbio, kwa hiyo choreni vidogovidogo, vikisukumana. “Usinikaushe, nauzima moto!” “Usinizime, naiunguza fimbo!” Hivyo hivyo mpaka nyasi zinaufuta mdomo wenyewe, haraka haraka. Someni hapa bila kupumua. Watoto hucheka zaidi mkiishiwa pumzi.

Jalada la nyuma ni harusi: Perico, bibi harusi, na jogoo mwenye mdomo unaong'aa.

Nilipomsomea mpwa wangu, alipofika kwenye jua alinishika mkono nisiendelee. Akafunua kurasa kurudi nyuma mpaka jaladani, akaweka kidole juu ya lile jua la asubuhi. “Kumbe lilikuwa hapa!”