Mtu-Samaki wa 1954: kumjenga kimo kamili na kumpaka rangi

Karibu tena, mtazamaji. Leo tunamjenga Mtu-Samaki wa filamu ya Creature from the Black Lagoon ya mwaka 1954, kimo chake chote. Nimemchagua kwa sababu ya ngozi: magamba, mapezi, mikunjo. Ukiweza kumpaka huyu, viumbe wengi wa filamu hawatakusumbua.

Tuanze na kimo. Ben Chapman, aliyevaa vazi hilo katika sehemu za nchi kavu, alikuwa na urefu wa karibu sentimita 196. Ukijumlisha kichwa cha bandia na kitako cha plaiwudi unapita mita 2, na mlango wako huenda haufiki hapo. Kwa hiyo tunamjenga vipande viwili vinavyoungana kiunoni, ambako safu ya magamba itaficha kiungo.

Kitako ni plaiwudi ya milimita 18, sentimita 80 kwa 80. Simamisha mbao za inchi mbili kwa mbili, moja kila mguu, uzikaze kwa skrubu na vyuma vya pembe. Usipige misumari, italegea. Mbao ya kiwiliwili inatumbukia kwenye kisanduku cha mbao kilichokazwa kati ya nyonga, kisha unapitisha bolti mbili. Sasa msukume kwa nguvu. Akitikisika, kaza tena kabla hujaendelea, maana ukishamvika mwili hutafika tena huku ndani.

Mwili ni waya wa kuku. Uviringishe kwenye mbao, ubinye kiunoni, utanue mabega. Juu yake bandika vipande vya gazeti kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Tabaka tatu zinatosha, kila moja ikauke kabisa kwanza. Gundi ya unga wa ngano ni rahisi kwa bei, lakini siipendekezi: mende wanaila, na penye unyevu inaota ukungu.

Magamba tunayakata kwenye sponji ngumu ya mikeka ya mazoezi. Sogea uone hapa: kisu nimekilaza, sikukisimamisha, ndiyo maana ukingo unatoka mwembamba na gamba linalala vizuri juu ya mwenzake. Lipashe kwa hewa ya moto, libonyeze kwenye chupa lipinde. Anza kubandika miguuni ukipanda juu, ili la juu lifunike la chini. Gundi ya viatu ina harufu kali, basi fungua madirisha na uvae barakoa yenye chujio.

Uso usiuharakishe. Kiumbe huyu alibuniwa na Milicent Patrick, msanii wa studio ya Universal, lakini sifa alichukua mkuu wa idara ya vipodozi, na jina la mama huyu halikuandikwa kwenye filamu. Tazama kazi yake: midomo mipana ya samaki, matamvua yaliyopangwa ubavuni mwa kichwa, na bado macho yana huzuni ya binadamu. Huzuni hiyo ndiyo tunayoitafuta. Finyanga kwa karatasi iliyolowekwa, ikasagwa na kukandwa na gundi. Macho ni nusu mbili za mpira wa plastiki angavu. Mboni ipake kwa ndani, jicho lipate kina.

Sasa rangi. Filamu ni nyeusi na nyeupe, ila vazi lenyewe lilikuwa la kijani. Paka praima nyeusi, yaani rangi ya msingi, mwili mzima, kisha kijani kilichokolea, ukiacha weusi ndani ya mikunjo. Halafu chukua kijani kilichochanganywa na manjano kidogo, chovya ncha ya brashi, uifute kwenye gazeti mpaka karibu isiache alama. Ipitishe juu juu ya magamba. Unaona kingo zinavyojitokeza? Brashi ikiwa na rangi nyingi, unapoteza kazi yote ya kisu. Tumboni na kooni ongeza manjano, midomo ipate wekundu kwa mbali.

Baada ya hapo, kahawia iliyozimuliwa kwa maji mengi: imwagie kwenye mianya, ufute kwa kitambaa kabla haijakauka. Fanya hivi chini ya taa ya chumba atakachosimama. Kijani cha juani na kijani cha taa ya manjano ni vitu viwili tofauti kabisa.

Vanishi isiyong'aa mwili mzima, inayong'aa kwenye macho, midomo na matamvua tu. Ukimng'arisha kote ataonekana plastiki.

Akikauka, mfunge ukutani kwa kamba ya chuma nyuma ya mabega, hasa kama kuna watoto, na umweke mbali na dirisha maana jua litafifisha rangi. Vumbi litoe kwa brashi laini, kavu, kutoka kichwani kushuka, kufuata mlalo wa magamba.