Kaburu wa Ventersdorp

Mabibi na mabwana, naanza na profesa mmoja, kwa sababu nami leo nimesimama kama alivyosimama yeye, karatasi mkononi mbele ya watu. Machi 1979, mwanahistoria Floors van Jaarsveld, Kaburu wa damu, alikuwa akihutubia Pretoria, Afrika Kusini. Alithubutu kuhoji utakatifu wa Desemba 16, siku ambayo Makaburu waliamini kwamba Mungu aliwapa ushindi dhidi ya Wazulu mwaka 1838. Wanaume wakavamia ukumbi, wakammwagia lami, wakambandika manyoya ya ndege. Aliyewaongoza ni Eugène Terre'Blanche, Kaburu wetu wa leo. Adhabu yake? Faini.

Jina hilo ni la Kifaransa, maana yake ardhi nyeupe. Hakulichagua mwenyewe, msicheke. Alizaliwa Ventersdorp mwaka 1941, akawa polisi, kisha mkulima. Mwaka 1973 yeye na wenzake sita waliunda AWB, yaani Harakati ya Upinzani ya Makaburu. Nembo yao: saba tatu zilizounganishwa kwenye bendera nyekundu, ukiitazama kwa haraka utadhani ni ya Hitler. Walitaka jamhuri ya Makaburu peke yao. Kuhutubia alijua, hilo tusimnyime. Sauti yake ilipanda na kushuka kama ya mhubiri, na neno lililorudi kila mara ni vita.

Vita yenyewe sasa. Juni 1993 watu wake walibomoa kwa gari la deraya milango ya vioo ya jengo la Kempton Park, yalikofanyika mazungumzo ya kumaliza utawala wa ubaguzi wa rangi. Machi 1994 wakaingia Bophuthatswana, eneo la Waafrika lililotengwa na serikali ya ubaguzi, wakipita wakiwafyatulia raia risasi. Watatu wao waliuawa kando ya gari lao, kamera zikiwatazama. Mwezi uliofuata wananchi wakapiga kura, Mandela akashinda.

Kilichompeleka jela hakikuwa vita. Alimpiga mhudumu wa kituo cha mafuta na kumwachia mbwa. Mwaka 1996 alimpiga mlinzi aliyewahi kumfanyia kazi, hadi ubongo wa mlinzi huyo ukaharibika. Shujaa wa taifa zima, na ushujaa wake wote ukaishia kwa vibarua wawili! Alifungwa, akatoka 2004.

Aprili 3, 2010 aliuawa shambani kwake. Mfanyakazi wake mmoja alihukumiwa kifungo cha maisha. Ugomvi wa mshahara ulitajwa mahakamani. Wengi walihofu nchi italipuka. Miezi miwili baadaye Kombe la Dunia likaanza humo humo nchini, na kilicholia ni vuvuzela.