Pishi, Kisaga na Mtihani wa Chuo

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Najua wengine mmetoka shifti ya usiku na macho bado mazito, kwa hiyo naanza na lile ninalolisema kila nikipewa nafasi ya kusimama: usiende kwenye mtihani wa kupangiwa darasa bila kujiandaa. Usiende! Karani wa chuo cha jamii (community college) atakuambia, kwa upole kabisa, kwamba mtihani huu hauna kufeli, njoo tu ujaribu. Ni kweli hauna kufeli. Gharama unayo.

Mimi niliambiwa hivyo hivyo. Nilikuwa nimemaliza shule miaka 19 nyuma, naogesha wazee usiku, nataka kusomea uuguzi hapa Marekani. Nikaingia chumba cha kompyuta na sare ya kazi mwilini, nikabofya maswali 20 ya hesabu, nikatoka. Alama za mtihani huo, unaoitwa Accuplacer, ni kuanzia 200 hadi 300. Zangu hazikufika 230. Nikapangiwa kozi ya maandalizi ya chini kuliko zote. Mihula mitatu ya hesabu kabla ya kuruhusiwa kugusa somo la uuguzi. Krediti zake hazikuhesabiwa kwenye shahada, ada nililipa, na Pell, msaada wa serikali kwa wanafunzi wa kipato kidogo, ambao kikomo chake ni sawa na mihula 12 ya masomo ya muda wote katika maisha yako yote, ukawa unaliwa huku nikijifunza kugawanya.

Kuna atakayesema, "Si bora kuanza chini ili msingi uwe imara?" Hoja hiyo imenichosha. Asiyejua aanze chini, sawa. Lakini wewe ulijua! Ulimaliza darasa la saba unapiga hesabu kwa kichwa na kalamu ya risasi, bila kalkuleta. Kompyuta haiulizi ulijua nini zamani. Inapima kilichokuja kichwani asubuhi ile. Aliyesahau anahitaji wiki chache za daftari na jioni tulivu, naye anauziwa mwaka na nusu.

Sasa tuje kwenye hesabu za sehemu: nusu, theluthi, robo. Karibu kila niliyekaa naye mezani anakwama hapo, halafu ananiomba nimfundishe aljebra. Aljebra baadaye. Ambaye nusu na theluthi zinamshinda, mlinganyo wenye x chini ya mstari atauweza vipi?

Namuuliza: nusu jumlisha theluthi? Anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, anapata 2/5. Simwambii kitu, namuuliza habari za pishi. Waliolelewa na bibi zao pwani watakumbuka vipimo hivi vya nafaka: pishi moja ni vibaba vinne, kisaga ni vibaba viwili. Bibi anapima mchele kisaga kimoja, anaongeza kibaba kimoja. Umekuwa kiasi gani? Vibaba vitatu, yaani robo tatu ya pishi. Simama hapo hapo. Bibi hakusema "viwili" kwa kuwa kachota mara mbili. Viwili vya nini? Alikivunja kisaga kikawa vibaba, ndipo akahesabu vitu vya aina moja. Hicho ndicho mwalimu alikuwa akikiita kusawazisha asili, ile namba ya chini ya mstari, kwa kigawe kidogo cha shirika, na sisi tukakariri KDS bila kuona kwamba jikoni tulikuwa tunaifanya kila siku.

Basi nusu na theluthi nazo zitafutie kibaba chake. Kipimo kinachoingia kwenye zote mbili bila kubaki ni sudusi, moja ya sita. Nusu ni sudusi tatu, theluthi ni sudusi mbili, jumla tano: 5/6. Halafu litazame lile jibu la kwanza, 2/5. Ni dogo kuliko nusu uliyoanza nayo! Umeongeza mchele, pishi likapungua? Ukishajizoeza kujiuliza swali hilo, nusu ya makosa yako utayakamata mwenyewe. Na kama kwenu pishi halikuwapo, vikombe vya kupimia vya huku vimeandikwa nusu, theluthi na robo. Leo usiku jaza maji kile cha nusu na kile cha theluthi, mimina vyote kwenye kikombe kizima, utazame nafasi iliyobaki juu. Hiyo ndiyo sudusi yako.

Wa Tanzania, MAGAZIJUTO mnaikumbuka, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, na inasaidia, ila ina mtego. 10 − 4 + 3 ni ngapi? Ukizifuata herufi, JU inatangulia TO, kwa hiyo 4 na 3 ni 7, 10 toa 7 inabaki 3. Si sahihi. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unavifanya kwa zamu kutoka kushoto kwenda kulia. Tena vipeo, zile namba ndogo za juu kama kwenye 3², havimo kwenye neno hilo. Vinafuata mara baada ya mabano.

Ndugu wa Kongo mliosoma kwa Kifaransa: huku mkato na nukta vimebadilishana kazi. 1,500 ni elfu moja na mia tano. Moja na nusu ni 1.5. Mtu anajua hesabu yote anapoteza swali kwa mkato!

Naona naonyeshwa saa. Namba hasi nilitaka kuzieleza kwa madeni, basi, siku nyingine. Haya yaandikeni haraka. Mtihani hauna kikomo cha muda, kwa hiyo usikimbie. Ukishajibu hurudi nyuma. Maswali yakizidi ugumu, ni kwa sababu unapatia, usiogope. Kalkuleta inatokea kwenye skrini kwa baadhi ya maswali tu. Mazoezi ya College Board, wenye mtihani huu, ni ya bure. Mwenye cheti cha sekondari aulize chuo kama kitakitazama badala ya mtihani. Kule California sheria ya 2017 ilivitaka vyuo vya jamii vizingatie alama za sekondari. Na uliza, kabla hujakaa, kama unaruhusiwa kurudia.

Umri? Aliyeuliza umri nimemsikia. Njoo, mama, tuanze na wewe. Mwenye mtihani mwezi huu naye asiondoke, alete kalamu ya risasi na daftari kwenye meza hii ya mbele.