Mysskin: msisimko wa kufichwa

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Niliombwa nizungumzie filamu za kusisimua za Kitamili. Ningeweza kuwapitisha kwa waongozaji kumi, kila mmoja dakika mbili, mkaondoka na majina tu. Nimeona nikae na mmoja: Mysskin, wa Chennai. Na wale waliozoea kwamba picha ya India ni picha ya Mumbai, leo tunashuka kusini, Tamil Nadu, kwenye lugha nyingine na tasnia nyingine kabisa.

Onaayum Aattukkuttiyum, ya mwaka 2013, inaanza usiku. Mtu ameanguka barabarani ana jeraha la risasi, na watu wanampita. Anayesimama ni Chandru, mwanafunzi wa udaktari. Anamkimbiza hospitali, hapokelewi, maana jeraha la risasi ni kesi ya polisi. Basi anamchukua hadi nyumbani na kumpasua mwenyewe, mwalimu wake akimwelekeza kwa simu. Asubuhi mgonjwa hayupo. Kisha wanaingia polisi, na Chandru anaambiwa kwamba aliyemwokoa ni muuaji anayesakwa, anayeitwa Mbwamwitu. Kwa wema ule ule, kijana anakamatwa na kulazimishwa awe chambo.

Angalieni alichokitupa mwongozaji hapo. Hakuna fumbo la nani ameua, tumeshamjua. Kinachotuweka kwenye viti ni swali jingine: huyu mtu aliyetoka kufa jana, leo anakimbilia wapi na kidonda kibichi? Jibu analizuia karibu hadi mwisho, na linapokuja halionyeshwi. Filamu nyingi zingeturudisha nyuma, mvua, damu, muziki juu. Mysskin, ambaye ndiye aliyeigiza Mbwamwitu, anakaa makaburini na kumsimulia mtoto asiyeona kisa chake chote, kama bibi anavyosimulia ngano ya wanyama, na kamera haiondoki usoni pake. Tunaelewa kwamba aliwahi kumuua kwa makosa kijana wa familia ya vipofu, na tangu hapo amebeba jukumu la kuwatunza. Mimi sijaona ungamo la jambazi lililopigwa picha kwa ujasiri kuliko hilo.

Filamu hiyo haina hata wimbo mmoja. Kwa sinema ya Kitamili hilo ni jambo zito, kwa sababu nyimbo ndizo zinazoitangaza picha kabla haijatoka. Mysskin mwenyewe alikuwa akiucheza mchezo huo vizuri: filamu zake za awali, Anjathe na Yuddham Sei, zina ile densi ya mwanamke wa sari ya manjano iliyowavutia wengi. Safari hii alimwachia mtunzi Ilaiyaraaja muziki wa nyuma ya picha tu, akatoa fedha kupitia kampuni yake mwenyewe, Lone Wolf Productions, na ilipokaribia kutoka akaingia mitaani kubandika mabango ukutani kwa mikono yake. Wahakiki waliisifu sana. Tiketi hazikuuzika kwa kiasi cha sifa hizo.

Jina alilopewa kwa kuzaliwa ni Shanmugha Raja. Hili la Mysskin alilitoa kwa Myshkin, mhusika wa mwandishi Mrusi Dostoevsky, yule mwungwana ambaye wema wake unawafanya watu wamdhanie punguani. Nadhani ukilijua hilo unazisoma filamu zake kwa urahisi zaidi. Alianza mwaka 2006 na Chithiram Pesuthadi, lakini iliyomkamata mtazamaji kwa koo ni Anjathe, ya 2008. Vijana wawili wamekulia katika nyumba za polisi. Mmoja anasoma kwa bidii ili awe ofisa. Mwingine ni mpiganaji wa mtaani. Uofisa anaupata yule mhuni, na yule msomi, kwa uchungu, anaangukia kwa watekaji nyara. Inaishia ndani ya shamba la miwa, na hapo Mysskin anatuonyesha kidogo mno: majani, sauti, mtu anayekatiza.

Wanaomjua humtambua kwa miguu. Kamera yake inashuka chini, inafuata viatu, na wewe unabaki kukisia mwenye viatu yuko katika hali gani. Wengine huliona ni pozi tu. Mimi naona ni mbinu ya msisimko halisi: uso unatoa siri mapema, mguu hautoi. Hata mapigano yake yana utulivu wa ajabu. Watu wanasimama, hawasogei, kisha pigo linakuja ghafla na kuisha. Katika Yuddham Sei, ya 2011, mwigizaji Cheran, ambaye hana kabisa umbo la stelingi wa ngumi, anawakabili wenye visu darajani akiwa na kijisu kidogo mkononi, nawe unaamini. Utulivu huo una asili ya Japani, kwa waongozaji Kurosawa na Kitano. Deni hilo limemletea lawama pia, hasa kwa Nandalala, ya 2010, ambayo hadithi yake inaifuata Kikujiro ya Kitano kwa karibu.

Mtindo huo huo umemwangusha. Mugamoodi, ya 2012, alimvika mwigizaji Jiiva kinyago cha shujaa, na ule ukimya wake haukukaa vizuri ndani ya vazi hilo. Thupparivaalan, ya 2017, ni nyepesi na inafurahisha; mpelelezi wake ana tabia za Sherlock Holmes lakini jina ni la Kaniyan Poongundran, mshairi wa kale wa Kitamili aliyesema kila mji ni kwetu na kila mtu ni ndugu yetu.

Na hapo ndipo ugomvi wangu na Psycho, ya 2020, unapoanzia. Muuaji anawakata wanawake vichwa. Anayemfuata ni kipofu, akisaidiwa na aliyekuwa ofisa wa polisi ambaye mwili wake umepooza. Kuna mahali kipofu anashika usukani na mwenzake anamwambia akate wapi. Wengi walilalamika: mbona hakuna kamera za ulinzi mji mzima? Hilo halinisumbui. Muuaji anaitwa Anguli na kipofu ni Gautham, jina la Buddha, kwa hiyo tuko ndani ya kisa cha Buddha na Angulimala, jambazi aliyeongoka. Kinachonisumbua ni kwamba huruma inamwendea muuaji kwa wingi, na wanawake waliokufa hatujaambiwa karibu chochote juu yao. Katika Yuddham Sei wazazi wa binti aliyedhulumiwa walipewa nafasi ya kulia na hata kulipiza. Lakshmi Ramakrishnan alinyoa kichwa kwa ajili ya kumwigiza huyo mama. Psycho haina mtu kama yeye.

Najua wapo humu wanaoipenda Psycho, nimewaona wakitikisa vichwa. Karibuni kwenye kipaza sauti.