Kampuni Ikipewa Ardhi ya Umma, Ulizeni Karatasi ya Kwanza

Ndugu zangu wa Kisumu, sikuja kupinga viwanda. Kijana wa Nyalenda anatafuta kazi, na kazi haipatikani kwa hotuba. Ila nikisikia kampuni imegawiwa ekari za umma, huuliza: walipewaje?

Kifungu cha 12 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinataja njia: mnada wa hadhara, zabuni iliyotangazwa, kura ya wazi, na nyingine chache. Kujuana na mkubwa hakumo. Kifungu hichohicho kinazuia kugawa maziwa na vyanzo vya maji. Nyinyi wa kando ya ziwa, hilo lawahusu.

Kortini kampuni hutoa utetezi uleule: tulinunua kwa nia njema, taito (hati ya kumiliki ardhi) hii hapa. Utetezi huo ulipungua makali Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Ploti ya ufukweni Nyali iligawiwa mara ya kwanza 1989, kwa Rais Moi mwenyewe, kisha ikauzwa na kuuzwa tena. Majaji wa Mahakama ya Juu hawakuishia kwenye taito ya mwisho. Walirudi nyuma hadi mgao ule wa kwanza, wakakuta utaratibu haukufuatwa, na mnunuzi wa mwisho akatoka mikono mitupu. Katiba nayo, kifungu cha 40(6), hailindi mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria.

Basi msikimbilie wakili kwanza. Ombeni faili la mgao kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu. Faili likionyesha kasoro, kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu yeyote kushtaki kwa manufaa ya umma haki zilizomo humo zinapovunjwa, na kufungua kesi hiyo hakutozwi ada. (Ada ya wakili ni habari nyingine, msipige makofi bado.) Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapa mjini. Ombeni amri ya kusitisha ujenzi kabla saruji haijamwagwa, maana jaji huona uzito kubomoa kiwanda chenye wafanyakazi ndani.

Mzee ameuliza kuhusu kiwanja kilichogawiwa kikabaki nyasi tupu. Rudini kifungu cha 12 cha Sheria ya Ardhi, sehemu ya 9: ardhi isipoendelezwa kulingana na masharti ya mkataba wa kukodishwa, inarudi serikalini yenyewe. Hata hivyo, mimi ningeandika barua.