Tulitumia Kiasi Gani Kuvuka Nyika ya Australia kwa Karavani: Jibu Langu kwa Wote Mnaouliza

Ndugu zangu watazamaji, hamjambo. Tangu nilipoweka video ile fupi ya karavani yetu, yaani tela la kulala linalokokotwa na gari, ikiwa imeegeshwa kando ya barabara yenye udongo mwekundu, nimekuwa nikipokea swali moja lenye sura mbili. Baadhi yenu mnauliza tulipata wapi fedha za kuzunguka Australia wiki tano mfululizo, na wengine mnauliza, kwa huruma ambayo huniumiza kuliko tusi, kama tumefukuzwa nyumba hata tukaamua kuishi ndani ya tela. Wifi yangu mmoja alinipigia simu usiku akitaka kujua kwa nini kaka yake analala kwenye kibanda cha magurudumu, na haukupita muda ndugu mwingine wa upande huo huo akatuma ujumbe kwamba, kwa kuwa sasa sisi ni watalii, mchango wetu wa harusi uongezwe mara mbili. Leo nitawajibu wote pamoja, kwa hesabu, na naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjaandika kwamba najisifu au kwamba nalalamika.

Sitaeleza habari za kangaruu, wala sitaeleza kwamba Julai huku ni majira ya baridi, kwa sababu hayo mnayajua. Nitaanza na ukubwa wa nchi, maana asiyeuelewa hataielewa gharama. Jimbo tunaloishi, South Australia, lina kilomita za mraba zipatazo 984,000, yaani ni kubwa kidogo kuliko Tanzania nzima. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, ilhali jimbo hili halifikishi watu milioni 2, na wengi wao tumebanana Adelaide, mjini pwani. Ukivuka mpaka kuelekea kaskazini unaingia Northern Territory, yenye kilomita za mraba zaidi ya milioni 1.3 na watu wapatao robo milioni tu. Kwa hiyo anayesafiri huko analipia umbali kabla hajalipia kitu kingine chochote.

Njia tuliyopita ni moja, Stuart Highway, inayoanzia Port Augusta na kuishia Darwin, na ukijumlisha kipande cha kutoka Adelaide unapata takriban kilomita 3,000 za kwenda peke yake. Imepewa jina la John McDouall Stuart, aliyelivuka bara hili kutoka kusini hadi kaskazini na kurudi mwaka 1862. Miaka 10 baadaye waya wa simu ya maandishi ulikamilika, ukiwa umefuata kwa sehemu kubwa mapito yake, na vituo vya kupokezana ujumbe vikajengwa kila baada ya mwendo mrefu. Alice Springs na Tennant Creek zina asili yake katika vituo hivyo. Ninawaeleza historia hii kwa sababu umbali kati ya kituo na kituo ndio mpaka leo unaomtesa mwenye tangi dogo la mafuta.

Mimi nimekulia Dodoma, na barabara ya kwenda Singida naijua vizuri. Ni kama kilomita 240, lakini njiani kuna Bahi, kuna Manyoni, kuna Ikungi, na katikati yake kuna watu wanaouza asali, vitunguu na kuku. Kutoka Glendambo hadi Coober Pedy, kwenye njia yetu, ni umbali unaokaribia huo huo, kilomita 250 na ushee, na hakuna kituo cha mafuta, hakuna duka, hakuna mtu. Simu yangu haikushika mtandao kwa saa nyingi. Mume wangu alikuwa ameshika usukani kimya, na nilimwona akitazama mshale wa mafuta kila baada ya dakika chache, kwa sababu gari linalokokota karavani halinywi mafuta kama gari tupu. Bila tela, gari letu hutumia kama lita 10 kwa kilomita 100; tukiwa na tela lilikuwa likitumia lita 17, na upepo wa mbele ukivuma linafika 20.

Sasa hesabu yenyewe. Kwenda na kurudi, pamoja na kuchepuka kwenda Uluru, ule mwamba mkubwa wa katikati ya bara, tulitembea kilomita 7,000 na kutumia takriban lita 1,200 za dizeli. Adelaide tulijaza kwa dola 1 na senti 80 kwa lita, na kituo kimoja cha katikati ya nyika kilituuzia kwa dola 2 na senti 60. Sikumlaumu mwenye kituo, kwa sababu mafuta hayo nayo yamesafirishwa kwa lori mamia ya kilomita. Dizeli peke yake ilikula dola 2,700. Viwanja vya kuegesha karavani, vyenye maji, umeme na bafu, tulilala siku 20 kwa wastani wa dola 45, yaani dola 900, na siku nyingine 14 tulilala bure katika maeneo ya kupumzikia madereva. Chakula kilituchukua dola 1,100, tiketi za kuingia hifadhi ya Uluru dola 76 kwa watu wawili, na matengenezo, ambayo nitayafikia baada ya muda mfupi, dola 1,830. Jumla ni dola 6,606 za Australia, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 10 za Tanzania.

Najua kwamba kuna mtu ameisikia milioni 10 na hataki kusikia zaidi. Namwomba asikie na hili: fedha hizo tulizikusanya kwa miaka miwili, mimi nikifanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee na mume wangu akiendesha mashine za kupakia mizigo ghalani. Yeye ameajiriwa moja kwa moja, hivyo ana likizo ya wiki nne kwa mwaka yenye malipo. Mimi ni kibarua wa kuitwa kazi inapokuwapo, na kibarua wa namna hiyo hana likizo ya malipo, kwa hiyo kwa wiki zote tano sikuingiza hata senti moja. Hasara hiyo sijaijumlisha hapo juu. Kuhusu kulala kwenye tela badala ya hoteli, jibu ni kwamba chumba tulichokiulizia karibu na Uluru kilizidi dola 400 kwa usiku mmoja, na kiwanja cha karavani hapo hapo kilikuwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Tela lile lina kitanda, jiko la gesi, jokofu na matangi mawili ya maji ya lita 80 kila moja. Tulilinunua likiwa limetumika miaka 14, na hatukuona haya.

Lakini safari yenyewe ilikuwa nyepesi ukiilinganisha na makaratasi. Leseni zetu za Tanzania, kwa sisi tuliokwisha kupata ukaaji wa kudumu, zilitufaa kwa miezi mitatu tu katika jimbo letu, na kwa kuwa nchi yetu haimo katika orodha ya zile ambazo leseni zake hubadilishwa moja kwa moja, mume wangu, aliyeendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka tisa, alikaa chini kufanya mtihani wa maandishi pamoja na vijana wa miaka 16, kisha wa barabarani. Alifaulu. Hata hivyo niliumia kumwona akisahihishwa namna ya kushika usukani.

Kisha likaja suala la uzito. Kila karavani ina uzito wa juu ulioruhusiwa, ulioandikwa kwenye kibati chake, na ukiuzidi bima inaweza kukukana. Sisi tunaijua mizani ya Vigwaza kuwa ni ya malori. Huku hata mwenye kitanda na sufuria anapaswa kujua kilo zake. Letu liliruhusiwa kilo 2,000, na tulipolipandisha kwenye mizani likiwa limejaa tukakuta kilo 2,140. Tuliteremsha gunia la mchele, kinu cha kutwangia, viti viwili vya chuma na nusu ya maji, na ilinibidi nikubali kwamba maji nitayatafuta njiani, jambo ambalo mtu wa Dodoma halikubali kwa moyo mweupe.

Jambo lililonikera kuliko yote ni majina. Pasipoti yangu ina majina matatu, langu, la baba na la babu, na sikuchukua jina la mume nilipoolewa, kama ilivyo kawaida ya wengi wetu. Fomu za huku zinataka jina la kwanza na la ukoo. Karani mmoja akaandika la baba kuwa la ukoo, mwingine akaandika la babu, na hivyo kadi ya usajili wa tela ikawa na mtu mmoja na hati ya bima ikawa na mtu mwingine, na wote wawili ni mimi. Niliiona tofauti hiyo kabla ya safari, nikapiga simu, nikaambiwa haina shida.

Ilikuwa na shida. Tukiwa kaskazini kidogo ya Karlu Karlu, penye yale majabali ya mviringo yaliyorudishwa kwa wenyeji wake wa asili mwaka 2008, tulisikia harufu ya grisi inayoungua. Beringi ya gurudumu la kushoto la tela ilikuwa imekwisha. Tennant Creek ilikuwa mbele yetu kama kilomita 100. Malori ya nyika, yale yenye matela matatu au manne na urefu unaofikia mita 53, yalikuwa yakipita kwa upepo unaotikisa gari zima, na dereva mmoja alisimama, akatuachia maji, akampa mume wangu namba ya fundi na kuahidi kumpigia akifika penye mtandao. Alitimiza ahadi. Gari la kuvuta lilitugharimu dola 1,150 na fundi dola 680. Bima, ambayo tulikuwa tumelipia kipengele cha kuvutwa, ilijibu kwamba mwenye tela na mwenye bima hawaonekani kuwa mtu mmoja, na kwamba tulete uthibitisho. Cheti cha ndoa kinachoonyesha majina yangu yote kimeandikwa kwa Kiswahili, basi tukalipa tena mfasiri aliyeidhinishwa. Huu ni mwezi wa tatu na tunasubiri.

Kibali kimoja tu sikukilalamikia. Ukitaka kuiacha barabara kuu na kuingia katika ardhi ya Waaborijini ya Northern Territory, sheria ya mwaka 1976 inakutaka uombe ruhusa ya wenye ardhi, na hilo naliona ni haki kabisa. Vivyo hivyo kwa walioniuliza mbona hatukupanda juu ya Uluru, mwamba wenye kimo cha mita 348. Waanangu, wenyeji wa asili wa eneo hilo, waliomba kwa miaka mingi watu wasiukanyage kwa sababu ni mahali pao patakatifu, na tangu Oktoba 26, 2019 kupanda kumepigwa marufuku. Tulizunguka chini kwa miguu, kilomita 10, asubuhi, na nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahi kileleni.

Nitasema pia habari za Coober Pedy, kwa sababu wengi hamkuamini picha zile. Ni mji wa wachimbaji wa opali, jiwe lililogunduliwa hapo mwaka 1915, na kwa kuwa joto la kiangazi linapita nyuzi 45, watu wengi wamechimba nyumba zao ndani ya vilima, ambamo hali ya hewa hubaki poa mwaka mzima. Tuliingia katika kanisa lililochongwa lote chini ya ardhi. Kilichonigusa ni kwamba uchimbaji wenyewe umebaki mikononi mwa watu binafsi wenye vitalu vidogo, na lipo eneo la umma ambapo mtu yeyote anaweza kuchekecha kifusi bila kulipa. Nilikaa pale nikichambua mawe na mjane mmoja mzee, nikamweleza kuhusu Mererani na tanzanaiti, na jinsi vijana wetu wanavyochekecha mchanga uliotupwa na wengine. Aliuliza maswali mengi kuliko yale niliyowahi kuulizwa na majirani zangu wa Adelaide kwa miaka sita. Maji ya kujaza matangi tuliyanunua pale kwa sarafu kwenye bomba la mtaani. Mji mzima hutegemea maji ya kisima kirefu yanayosafishwa chumvi.

Na Alice Springs, dukani, nilisikia nyuma yangu mtu akisema kwenye simu, “Nitakupigia nikifika nyumbani, mama.” Alikuwa muuguzi kutoka Kisumu. Tulipika ugali pamoja jioni ile, nje ya karavani.

Sasa mnaoniuliza kama nanyi mfanye hivyo. Siwezi kumshauri mtu matumizi ya fedha zake, na yaliyotupata sisi si lazima yakupate wewe. Sisi hatuna watoto wadogo, mume wangu anajua magari, na tulisafiri Julai, si Januari, mwezi ambao joto la huko linaua. Kama unakuja kwa viza ya matembezi, masharti yako ni tofauti na yangu. Ninachoomba ni kimoja: anayetaka kuniuliza kuhusu leseni aandike kwanza anakwenda jimbo gani na ana viza ya aina gani, kwa sababu kila jimbo lina kanuni zake. Anayetaka kujua kuhusu bima, nitaweka video nyingine siku watakapotujibu.