Barua toka Marekani, hebu ipapase kwanza

ZUHURA: Haya jamani karibuni tena, leo tuko mbali kidogo, tuko Ayalandi. Baraka, ushawahi kusikia mtu anawekewa matanga na yuko hai?

BARAKA: Yuko hai kabisa? Na pilau anakula?

ZUHURA: Anakula na muziki anacheza. Ilikuwa hivi, kijana akishapata tiketi ya meli ya Marekani, usiku wa mwisho majirani wanajaa kwao, wanakunywa wanacheza mpaka kunakaribia kukucha, halafu wamama wazee wanaanza kile kilio cha msibani, kilekile, maana wanajua huyu harudi. Wenyewe waliuita mkesha wa Marekani.

BARAKA: Aisee dada Zuu. Na kwa zama zile kurudi ilikuwa ndoto.

ZUHURA: Wengi ndo basi tena. Kuna kadaraja ka mawe huko Donegal, wanakaita Daraja la Machozi, ndugu wanakusindikiza mpaka pale tu, wao wanageuka, we unakaza mwendo kwa miguu mpaka bandari ya Derry.

BARAKA: Hiyo ni ile njaa ya viazi eh?

ZUHURA: Njaa ndo ilifungulia bomba, 1845 mpaka 1852, viazi vinaoza ardhini, watu kama milioni moja wakafa na zaidi ya milioni wengine wakaondoka, ila hata ilipoisha watu waliendelea kwenda miaka na miaka, kwasababu aliyetangulia ndo anamvuta mwingine. Dada yuko New York anafanya kazi za ndani kwa matajiri, anadunduliza, anamtumia mdogo wake tiketi ishalipiwa kabisa, mdogo naye akifika anamvuta anayefuata.

BARAKA: Kama yule binti wa Cork, Annie Moore. Ellis Island, kile kituo cha kupokelea wahamiaji pale New York, kinafunguliwa tarehe 1 Januari 1892, yeye ndo wa kwanza kupita, kawashika wadogo zake wawili wa kiume, wazazi walishatangulia New York. Akapewa na sarafu ya dhahabu ya dola 10.

ZUHURA: Yaani kashuka tu melini! Sasa waliobaki kijijini wakisikia hivyo watatulia?

BARAKA: Ndo shida yenyewe hiyo. Wanaona Marekani hela zinaokotwa. Barua ikiingia, hasa karibu na Krismasi, kijiji kizima kinajua, na wengi hawajui kusoma kwahiyo inasomwa kwa sauti na mwalimu au padri au katoto ka shule, majirani wamekaa wanasikiliza. Utaandika siri gani hapo? Utaandika umefukuzwa kazi?

ZUHURA: Thubutu.

BARAKA: Na humo ndani inategemewa itoke hela, mwenye shamba anadai kodi yake. We mwenyewe huko unaunga unga. Mi naona wengine walinyamaza kwa aibu tu, ngoja nipate kidogo ndo niandike, mwezi unapita, mwaka unapita, kahama mji, anwani ishapotea.

ZUHURA: Si ndo maana gazeti moja la Boston, The Pilot, lilikuwa na matangazo ya kutafuta ndugu waliopotea, kuanzia 1831 mpaka 1921, miaka 90! Na ni mafupi tu, fulani wa parokia fulani, alishuka bandari fulani, mara ya mwisho alisikika yuko kwenye ujenzi wa reli, anatafutwa na mkewe. Na mke mwingine kashavuka bahari na watoto, hajui mwanaume yuko jimbo gani.

BARAKA: Usimcheke huyo mwanaume. Mimi nimekaa Dubai miezi mitatu sina kazi, mama akipiga naiangalia simu mpaka inakata. Hapo nina WhatsApp na bando.

ZUHURA: Pole mdogo wangu. Bibi yangu Tanga, mjomba alikuwa Muscat, barua zake nasoma mimi, niko darasa la tano. Lakini bahasha anaishika yeye kwanza, anaipapasa pembeni, anainyanyua dirishani kwenye mwanga. Siku hiyo ikaja kavu, salamu tupu kurasa mbili, nimesoma weee mpaka wasalaam, bibi kimya, kidogo ananiambia, soma tena mjukuu wangu, kuna mahali umeruka.